Maganda ya mayai ni chokaa ya bure Kisangani, lakini hayako jikoni mwa mkimbizi

Kila jioni katika komini ya Makiso, karibu na nganda na mahali ambapo toleka husubiri abiria, vijana hupita na plato za mayai ya kuchemsha, chumvi, na pilipili ndani ya kikopo. Mteja anamenya yai, anatia pilipili, anakula, anaendelea na safari yake. Ganda linabaki chini. Asubuhi linafagiwa pamoja na mifuko ya plastiki, linaingia kwenye mtaro, na mvua ikinyesha linakwenda mtoni.

Katika mji huohuo wako akina mama waliovuka mto kutoka Lubunga na vijiji vya nyuma yake tangu mgogoro wa Wambole na Walengola ulipozuka Februari 2023. Walikuwa na mashamba. Leo familia ambazo hazijarudi zinalima kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ya mtu, au kando ya barabara, au ndani ya magunia. Lengalenga inaota, inafika kimo cha goti la mtoto, inageuka njano. Mama anasema udongo umechoka, na hasemi uongo.

Kisangani iko karibu kabisa na ikweta, na mvua yake kwa mwaka hupita milimita 1,700. Mvua ya namna hiyo, miaka na miaka, huosha chokaa na chumvichumvi za udongo na kuzipeleka chini ambako mizizi ya mboga haifiki. Udongo unabaki mwekundu au wa manjano, na mchachu. Katika uchachu huo hata mbolea kidogo inayotiwa haifanyi kazi yake vizuri. Wataalamu wa kilimo wanajua jambo hili tangu zamani. Kituo cha utafiti cha Yangambi, kilomita karibu 100 kutoka mjini kwa kufuata mto, kilianzishwa mwaka 1933. Dawa ya udongo mchachu pia inajulikana: chokaa. Lakini nani kati ya wakimbizi wa ndani atanunua gunia la chokaa na kulipa toleka ilibebe?

Ganda la yai ni chokaa. Karibu sehemu 95 kwa 100 za ganda kavu ni kitu kilekile kinachochimbwa kwenye mawe ya chokaa. Ndiyo maana ushauri unaozunguka kwenye simu, na wakati mwingine kwenye semina za mashirika, unamwambia mama asitupe maganda ya jikoni kwake, ayahifadhi kwa ajili ya bustani.

Ushauri huo ni mzuri kwa mtu anayekula mayai. Ganda moja lina uzito wa gramu 5 au 6 hivi. Kipande cha bustani cha meta moja kwa meta moja, kwenye udongo mchachu, kinahitaji gramu 150 hivi za chokaa ili mabadiliko yaonekane, yaani maganda ya plato nzima ya mayai 30. Tuta la upana wa meta moja na urefu wa meta 10 linahitaji plato 10. Familia inayopika sombe mara moja kwa siku, na yai wanaliona siku mtoto anapougua, itakusanya maganda 300 mwaka gani? Kumwambia mama huyo ahifadhi maganda ya jikoni kwake ni kama kumshauri mtu asiye na pirogi aitunze kasia.

Maganda yako kwa wauzaji. Kijana anayemaliza plato 2 kwa siku anaacha maganda 60. Siku 5 zake zinatosha tuta lile lote. Wako pia wanaokaanga mayai ya mkate asubuhi, wenye mikahawa midogo, na watengenezaji wa keki za harusi. Kinachokosekana ni ndoo. Kijana akitembea na ndoo au mfuko ambamo mteja anatia ganda, na mtoto mkubwa wa familia akapita jioni kuchukua, kazi imeisha. Hakuna mradi wa kuandika hapo, wala bendera ya shirika. Muuzaji mwenyewe anafaidika, kwa sababu mahali pake panabaki safi, na wanaofagia mbele ya nganda hawamgombezi tena.

Maganda ya yai lililochemshwa yana faida nyingine ambayo watu hawaifikirii: moto umekwisha kuyapitia. Ganda bichi linaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na likitoka kwenye kuku wagonjwa linaweza kuleta ugonjwa kwa kuku wa palseli. Kwa hiyo yale mabichi ya wakaanga mayai yachemshwe kidogo, au yakaushwe juu ya bati kwenye makala yanayozimika, mpaka yavunjike kwa vidole bila kunata.

Halafu kinu. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Wanaponda maganda kwa mkono, wanayatawanya juu ya udongo, wanasubiri, na baada ya miezi 6 vipande vyeupe bado viko palepale vinawatazama. Katika Chuo Kikuu cha Auburn, jimbo la Alabama huko Marekani, walipima jambo hili: maganda yaliyovunjwa ovyo hayakusaidia udongo kwa kiasi cha maana, lakini yaliyosagwa mpaka yakawa unga yalifanya kazi kama chokaa ya kununua. Akina mama wa Kisangani hawahitaji mashine kwa hilo. Wanatwanga sombe na mihogo mikavu. Maganda makavu ni mepesi kuliko hayo. Yatwangwe, yachekechwe, yanayobaki juu yarudi kinuni. Unga uchanganywe na udongo kwa jembe kabla ya kupanda, usiachwe juu.

Majivu ya kuni yasisahauliwe. Yanapunguza uchachu haraka kuliko maganda, na yanaleta chakula kingine cha mmea ambacho ganda halina. Lakini mvua huyaosha upesi, na yakizidi yanaunguza miche. Ganda ni la polepole, linakaa. Mwenye vyote viwili atie majivu kidogo kidogo na unga wa maganda mara moja kabla ya msimu. Na visiwekwe kwenye mihogo, ambayo huvumilia uchachu, ni kupoteza. Lengalenga, kabichi, maharage na nyanya ndizo zenye njaa ya chokaa. Tena unga wa maganda si mbolea: samadi, maozo ya majani na maganda ya ndizi bado yanahitajika, la sivyo udongo utapona uchachu na kubaki maskini.

Mengine yanayosemwa juu ya maganda ni ya kupita haraka. Eti yanazuia konokono: konokono hupita juu yake bila shida. Eti yanaponya nyanya inayooza kitako: mara nyingi ugonjwa huo hutokana na kumwagilia leo na kusahau siku tatu. Kupanda mche ndani ya nusu ganda kunapendeza kwenye picha, ila mizizi inakosa nafasi baada ya siku chache. Kusugulia sufuria iliyoungua kwa unga wa maganda na sabuni, hilo kweli linafaa. Na kumlisha mtoto mchanga unga huo, kama wengine wanavyopendekeza, kusifanywe bila neno la muuguzi.

Bado kuna swali gumu zaidi ya kinu na ndoo. Ardhi ni ya nani? Unga wa maganda unafanya kazi yake kwa miezi, na faida yake inaonekana vizuri msimu wa pili na wa tatu. Mama mkimbizi analima kwenye palseli ya kuazima. Akitwanga maganda 300, akayachimbia, akaleta na samadi kichwani, mwenye palseli anaweza kuona lengalenga imekuwa kijani na kukumbuka ghafla kwamba ana mjomba anayetaka kulima pale. Mambo ya namna hiyo hayahitaji ubaya mkubwa wa moyo. Yanatokea tu ardhi inapoanza kuzaa. Kumshauri mkimbizi atengeneze udongo wa mtu bila kusema neno juu ya miaka atakayobaki pale ni kumwomba afanye kazi ya bure.

Kwa hiyo asiye na mapatano asitie maganda kwenye ardhi. Ayatie kwenye magunia anayolimia, maana gunia hubebwa siku ya kuhama au ya kurudi nyumbani. Au awape kuku. Kuku anayetaga huhitaji chokaa nyingi ili kutengeneza ganda. Akikosa, anataga mayai laini au anaacha kutaga. Maganda yaliyokaushwa na kuvunjwa vipande vidogo sana, katika sahani yake peke yake ili kuku achukue anavyotaka, yanajaza pengo hilo. Yasiwe makubwa hata yakafanana na yai, kuku asije akajifunza kula mayai yake mwenyewe. Kuku wawili si shamba, lakini ni mali inayotembea na mwenyewe, na yai la kwanza la mtoto linaweza kutoka hapo.

Wenye palseli, kwa upande wao, hawapotezi kitu wakikubali misimu minne kwa neno lililosemwa mbele ya mkuu wa avenyu na kuandikwa kwenye karatasi ya daftari: mama atunze udongo, alime mboga, ampe mwenye nyumba fungu la lengalenga kila wiki, asipande miti wala mihogo ya kudumu. Wakati wake ukiisha, mwenye palseli anabaki na udongo bora kuliko aliomkabidhi. Katika mji ambao mgogoro wa ardhi uliwafukuza watu hawa makwao, karatasi kama hiyo ina uzito kuliko gunia la chokaa, na ni afadhali iandikwe kabla ganda la kwanza halijaingia kinuni.