Leseni huria na nyimbo za mpakani: nani anaweka sahihi?

Lori likifika Busia siku hizi hukaguliwa mara moja. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe rasmi Februari 2018, maafisa wa Kenya na Uganda hufanya kazi chini ya paa moja. Wimbo wa Kiteso haujapata bahati hiyo. Waiteso wako Malaba, Amagoro na Amukura upande wetu, na ng'ambo wako Tororo na Soroti. Ukirekodiwa Malaba, wimbo unaangukia sheria za Kenya. Ukirekodiwa Tororo, unaangukia sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006.

Nayasema haya kwa sababu vikundi vya utamaduni vinazidi kuhimizwa viweke nyimbo na picha zao mtandaoni kwa leseni huria, hasa zile za Creative Commons zilizoanza 2002. Sina ugomvi na leseni hizi. Rekodi ya adeudeu, kile kinubi cha Kiteso, iliyofungiwa kabatini Ulaya haimsaidii mtoto wa Amukura. Ninachouliza ni nani anayeweka sahihi.

Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki ya sauti iliyorekodiwa huwa ya yule aliyepanga na kuwezesha kurekodi. Mara nyingi huyo ni mtafiti au shirika, wala si mzee aliyepiga kinubi. Mzee ana haki zake kama mpigaji, lakini ni wangapi wameelezwa? Shirika likishatoa leseni, halina njia ya kuirudisha: aliyechukua nakala ataendelea kuitumia kwa masharti yale yale. Na kama masharti yanaruhusu biashara, wimbo wa matambiko unaweza kuishia kwenye tangazo la sabuni.

Kenya haikukaa kimya. Kifungu cha 11 cha Katiba kinataka jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa, na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi inataka jamii itoe idhini kwanza, baada ya kuelezwa. Hata kaunti zimepewa kazi ya kuorodhesha. Tatizo ni kwamba leseni huria inahusu hakimiliki peke yake. Mtu aliye Berlin akiona alama ya huria hudhani mlango uko wazi, kumbe nyuma yake kuna mlango wa pili ambao hakuna aliyemwonyesha.

Sisi Wapwani hatuhitaji kufundishwa hili. Mnamo 2007 tulikuwa tunapambana na kampuni moja ya Uingereza iliyotaka jina la kikoi, kwa tahajia yake ya "kikoy", liwe alama yake ya biashara. Ombi lile liliachwa baada ya kelele nyingi. Kikoi kilikuwa na watetezi. Sijui adeudeu itampata nani.

Kwa maoni yangu, vikundi vya Busia na Malaba visikubali leseni moja kwa kila kitu. Picha za tamasha na nyimbo za harusi zinaweza kuachiwa, pengine kwa leseni isiyoruhusu biashara, ingawa mkulima wa Malaba hatampeleka mtu mahakamani London. Za matambiko zibaki nyumbani. Na idhini ya wazee wa upande huu peke yao ni nusu ya idhini. Wa Tororo waulizwe pia, tena kabla kinasa sauti hakijawashwa.