Mwenye Programu Ndiye Mwenye Kompyuta

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za mfumo endeshi wake wa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizo nzima kabisa zikahesabika kuwa kuukuu, si kwa kuharibika, bali kwa uamuzi wa mwenye programu. Hapo ndipo ofisi na shule hutambua kwamba zilinunua chombo, lakini usukani ukabaki mikononi mwa mwingine.

Mmarekani Richard Stallman aliliona jambo hili mapema. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuunda mfumo ambao mtumiaji yu huru kuutumia kwa kazi yoyote, kuuchunguza na kuurekebisha, kuwagawia wenzake, na kuwagawia pia marekebisho yake. Mwaka 1991 Linus Torvalds wa Finland alitoa kiini cha Linux, na pengo lililobaki likazibwa.

Hata hivyo, si kila toleo la mfumo huo lina uhuru kamili. Mengi hubeba vipande vilivyofungwa, ambavyo undani wake waujua watengenezaji peke yao. Hata Debian, yenye sifa ya msimamo thabiti, iliamua kwa kura mwaka 2022 kuviingiza katika kisakinishi chake. Trisquel, lililotoka Galicia nchini Hispania, na Guix yamevikataa.

Wako wasemao kwamba huo ni ukaidi, kwa maana baadhi ya kadi za intaneti isiyo na waya hazifanyi kazi bila vipande hivyo. Hoja hiyo ni ya kweli, wala haifai kufichwa. Lakini kosa limetangulia: kifaa kilinunuliwa kwanza, uhuru ukakumbukwa baadaye. Hapana budi maafisa ugavi wadai katika zabuni vifaa vinavyokubali toleo huru kamili, na walijaribu kabla ya kulipa. Kwa vifaa vya zamani visivyolikubali, Debian itumike, lakini ijulikane kuwa ni kituo cha njiani, si mwisho wa safari.

Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Hawakulazimika kumpigia mtu magoti, kwani leseni yenyewe iliwapa haki hiyo. Kujitegemea ndiko huko. Wahenga walikwisha kuonya: mtegemea cha nduguye hufa maskini.