Diski za Kompyuta Pepe Zahitaji Makabidhiano

Maafisa na askari wenzetu wajua kwamba bunduki haibadilishi mikono bila makabidhiano. Anayepokea huikagua, husoma namba yake na kuiandika daftarini, ndipo anayetoka zamu huruhusiwa kwenda zake. Yastaajabisha basi kwamba katika ofisi zilezile zenye daftari hilo, kompyuta nzima yenye majina ya askari, mishahara yao na mafaili ya viinua mgongo vya wajane huhamishwa kutoka mezani hadi kwenye seva bila mtu kuandika hata mstari mmoja.

Twasema kompyuta nzima kwa sababu ndivyo ilivyo. Kompyuta pepe haina chuma chake yenyewe. Huishi ndani ya kompyuta nyingine, na diski yake yote, pamoja na mfumo unaoiendesha, programu na kumbukumbu, ni faili tu, au mafaili machache. Fundi huiunda juu ya meza yake kwa VirtualBox au VMware Workstation, huijaribu, na ikishategemewa na kikosi kizima hutakiwa kuipeleka kwenye seva. Hapo ndipo taabu huanza, kwa kuwa kila mtengenezaji alijichongea sanduku lake. VirtualBox hutumia VDI, VMware hutumia VMDK, Microsoft ina VHD na VHDX, na QEMU, programu aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, ina qcow2. Mali iliyo ndani ni ileile; sanduku ndilo tofauti. Hata VMDK ya mezani hailingani na ya seva ya kampuni ileile, na yafaa ibadilishwe kwanza kwa chombo kiitwacho vmkfstools kabla ya ESXi kuitumia.

Wapo wanaosema kwamba kitu kinachofanya kazi kisiguswe. Twaheshimu busara hiyo katika mambo mengi, lakini hapa haitoshi. Tarehe 22 Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware, na mwezi uliofuata uuzaji wa leseni za kudumu ukakomeshwa, wateja wakatakiwa kulipia kwa vipindi. Februari 2024 toleo la bure la ESXi liliondolewa, kisha likarudishwa Aprili 2025. Hatumlaumu mfanyabiashara kwa kufanya biashara. Tunachosema ni kwamba uamuzi uliofanywa Marekani uliweza kuvuruga makadirio ya boharia aliye maelfu ya maili kutoka huko, na ofisi iliyokuwa haijui kutoa diski zake katika sanduku lile haikuwa na la kufanya ila kulipa.

Kazi yenyewe si ngumu kama wanavyodai wanaotaka kulipwa kwayo. Programu ya qemu-img, isiyo na bei, huigeuza VMDK au VDI kuwa qcow2 kwa amri moja. Ugumu umo katika nidhamu inayoitangulia amri hiyo. Kompyuta pepe lazima izimwe kwa utaratibu, maana faili linalonakiliwa huku karani angali akiandika hutoka likiwa nusu la jana na nusu la leo. Kisha ziangaliwe snapshoti, yaani alama za kurudi nyuma ambazo mafundi huziweka kabla ya mabadiliko. Tangu snapshoti inapowekwa, kila jipya huandikwa katika faili jingine, na diski ya msingi hubaki vilevile. Anayebeba diski ya msingi peke yake ataiwasha kwenye seva, itawaka vizuri kabisa, na orodha ya mishahara itakuwa ile ya siku snapshoti ilipowekwa. Kwa maoni yetu hilo ndilo kosa la hatari kuliko yote, kwa sababu halipigi kelele. Askari aliyeripoti kikosini baada ya siku hiyo hayumo, na aliyefariki angali akilipwa. Snapshoti ziunganishwe kwanza, ndipo diski ibadilishwe, na nafasi itayarishwe ya kutosha sanduku la zamani na jipya kwa pamoja.

Baada ya hapo huja kuamka. Windows iliyozoea vifaa pepe vya mezani, ikihamishiwa kwenye seva ya KVM inayotumia vifaa vya virtio, husimama njiani ikisema kwamba haioni diski ya kuwashia, kwa kuwa haina kiendeshi cha kifaa kile kipya. Kiendeshi hicho kiwekwe mapema, au diski ifungwe kwanza kama SATA mpaka kipatikane. Linux huamka kwa urahisi zaidi, lakini kadi ya mtandao iliyoitwa ens33 kwenye VMware huenda ikaitwa ens18 kwenye Proxmox, na anwani iliyoandikwa kwa jina la zamani ikapotea. Mashine itakuwa hai, ila bubu.

Kwa ndugu zetu wa polisi lipo jambo zito zaidi. Mpelelezi aweza kuchukua nakala ghafi ya diski ya mshukiwa, akaigeuza kuwa kompyuta pepe, akauona uso wa kompyuta ile kama mwenyewe alivyouona. Ni msaada mkubwa. Lakini kuiwasha tu ni kuiandikia, kwa hiyo nakala ya kazi ndiyo iwashwe, kamwe si kielelezo. Tena, alama ya uthibitisho ya SHA-256 ya faili jipya haitafanana na ya faili la awali ijapokuwa yaliyomo hayakubadilika, kwa sababu sanduku limebadilika. Wakili wa utetezi akiligundua hilo kabla ya mpelelezi, kesi itayumba. Yapasa yaliyomo yalinganishwe kwa amri ya qemu-img compare kabla nakala haijawashwa, na matokeo yaandikwe pamoja na saa na jina la aliyefanya.

Kuna pia mtindo wa kutafuta tovuti inayobadili mafaili bure. Kwa picha ya arusi hatuna ubishi. Diski ya ofisi ina nywila, barua, hata mafaili yaliyodhaniwa kuwa yamefutwa, na kuipeleka huko ni sawa na kumkabidhi mpita njia funguo za ghala ya silaha.

Twashauri kazi hii ifanywe na mafundi wa kikosi cha mawasiliano wenyewe, na ifanyiwe mazoezi mara mbili kwa mwaka kwa diski isiyo na siri, kutoka mezani kwenda kwenye seva na kurudi. Mashine ya zamani isifutwe siku ile mpya inapowaka. Izimwe, ifungiwe, iandikwe tarehe, na ibaki hivyo hadi mishahara ya miezi miwili ilipwe kutoka kwenye mpya na karani pamoja na mkaguzi watie sahihi zao kwamba hesabu zimeoana.