Waraka kwa Wanachama: Simu Zetu na Vumbi la Mashine

YAH: KUTUNZA SIMU KATIKA VYUMBA VYA MASHINE NA KARAKANA

Ndugu wanachama,

Nawaandikia ninyi nyote mnaokoboa mpunga, mnaopepeta, mnaobeba viroba, mnaopasua mbao na mnaochomelea vyuma hapa Lumemo na mitaa jirani ya Ifakara.

Mpunga umeanza kushuka kutoka mashambani, na mashine zitanguruma mchana kutwa. Kila unapofika msimu huu, maombi ya mkopo wa dharura katika vikao vyetu huwa yanageuka. Badala ya ada ya mtoto au dawa ya shamba, mwenzetu anaomba fedha za kununua simu, kwa sababu ile aliyonayo watu hawamsikii akiongea, au imegoma kuingiza chaji, au kioo kimekwaruzika hata salio halisomeki. Nimeona niwaandikie mapema, kabla hatujaanza tena kukopeshana fedha za kununua kitu ambacho tungeweza kukitunza.

Sina haja ya kumweleza mwanachama yeyote thamani ya simu. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, ujira wa kibarua unaingia humo, mchango wa chama unatoka humo, na mnunuzi wa mchele aliyeko Dar es Salaam anapanga bei na sisi kwa simu. Dada anayepepeta na kuchambua chenga akikosa simu siku mbili, amekosa kazi siku mbili, kwa kuwa mwenye mzigo atampigia mwingine. Hiki ni chombo cha kazi kama kilivyo koleo au mizani, na kwa wengi wetu ndicho chombo cha bei kubwa kuliko vyote tunavyomiliki. Tukilinde hivyo.

Adui wa kwanza tunamtengeneza wenyewe. Katika kila kilo 100 za mpunga, karibu kilo 20 ni maganda, na ganda la mpunga limejaa silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga. Ndiyo maana linawasha shingoni na kula chuma cha mashine. Mtu anapotoa simu mfukoni, akaona kioo kimefunikwa na unga, akakifuta kwa mkono wa shati lililojaa vumbi hilohilo, anakipiga msasa. Kwanza igeuze simu uikung'ute taratibu, kisha ipepee, mwisho ufute kwa kitambaa laini kilicho safi, chenye unyevu kidogo tu. Protekta ya kioo inagharimu kidogo sana ukilinganisha na kioo chenyewe. Ikikwaruzika, itoe uweke nyingine.

Pumba laini ni hatari zaidi, ijapokuwa hazikwaruzi. Zina mafuta, kwa hiyo zinanata. Hewa yetu ya bonde ina unyevu, mwili unatoka jasho, na simu inakaa mfuko wa shati. Pumba, jasho na unyevu vikikutana kwenye tundu la chaji vinakuwa uji, uji unakauka, na siku moja waya wa chaji haufiki mwisho. Mwenye simu anadhani mfumo wa chaji umekufa, anakwenda kwa fundi, wakati tatizo ni tonge la pumba lililoshindiliwa ndani. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mbao, chokonoa polepole kwenye kingo, kisha piga mswaki mkavu, laini, ambao haujawahi kutumika. Msitumie sindano, pini wala waya. Ndani ya tundu kuna vijino vyembamba vya chuma, na kikipinda kimoja tu basi gharama ya fundi inakuwa ya kweli.

Wenzetu wa karakana za kuchomelea wana tatizo la namna yake. Spika ya simu ina sumaku ndani. Grenda inapokata chuma inarusha vumbi la chuma, na vumbi hilo likipita karibu na simu linavutwa na kuganda kwenye wavu wa spika. Kulitoa ni kazi, maana kila ukilisukuma linarudi. Mafundi wengi wa vyuma wanaolalamika kwamba sauti imekuwa ya mkwaruzo hawana haja ya kutafuta mchawi: simu ilikuwa mezani karibu na grenda. Kwa wapasua mbao, hasa wanaoshughulika na mitiki ya bonde letu, vumbi lina mafuta ya mti, na linanata kama pumba.

Sasa niseme wazi juu ya tabia moja ninayoiona kila karakana: kupuliza simu kwa kompresa. Naomba ikome. Kompresa ile imetengenezwa kujaza matairi na kusafisha injini. Nguvu yake inalisukuma vumbi lililokuwa mlangoni mpaka ndani, inaingia kwenye maiki na spika na kuchana utando mwembamba uliomo, na kama tangi halijamwagwa maji, inapuliza na matone. Watengenezaji wakubwa wa simu, Apple wakiwemo, wanakataza kutumia hewa ya kushindiliwa. Kupuliza kwa mdomo nako kunapeleka mate, kwa hiyo heri mswaki.

Tabia ya pili inatuhusu sisi watu wa mpunga kuliko Watanzania wengine wote: simu ikiloa, inafukiwa kwenye mchele. Mto Lumemo ukifurika masika na maji yakaingia majumbani, kila nyumba ina simu ndani ya debe la mchele. Ndugu zangu, mchele hauvuti maji yaliyo ndani ya simu. Unachofanya ni kuingiza unga na chembe za chenga kwenye matundu, na mwaka 2024 Apple iliwaonya wateja wake waziwazi waache kufanya hivyo. Simu ikiloa, izime papo hapo, usiijaribu kuwasha, usiichomeke chaji. Kama ni kitochi, au aina yoyote ambayo betri inatoka, toa betri na laini. Ielekeze tundu chini, ikung'ute kiganjani, kisha iache mahali penye upepo na kivuli, siku nzima au zaidi. Usiianike juani wala kuiweka karibu na jiko. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya vinafyonza unyevu, vikusanyeni.

Nimeulizwa na vijana wetu kuhusu simu zenye alama ya IP67 au IP68. Ni nzuri, mwenye uwezo anunue. Tarakimu ya kwanza inahusu vumbi, na 6 ndiyo ya juu kabisa. Ya pili inahusu maji. Lakini mjue mambo mawili. Kipimo kinafanyika maabara, kwa simu mpya na kwa unga laini wa talki; hakuna anayeipima ndani ya mashine ya Lumemo kwa msimu mzima. Na simu ikishafunguliwa na fundi mara moja, gundi iliyoziba kingo haibaki ileile. Kwa mwanachama wa kawaida mwenye simu ya kawaida, kinga ya maana ni pochi ya plastiki inayofungwa juu, zile zinazouzwa na wauza vifaa vya simu. Kioo kinagusika kupitia plastiki, na unaweza kutuma fedha bila kuitoa.

Hapo naongeza onyo, na naomba lisomwe mara mbili. Pochi nyingi zina kamba ya kuvaa shingoni. Usiivae kamba hiyo karibu na mkanda wa mashine, puli au shafti. Kamba ikinaswa na puli inayozunguka inamvuta mtu kabla hajapiga kelele. Vilevile, anayemimina mpunga kwenye mashine asiongee na simu. Kelele ya mashine inamlazimisha kuziba sikio moja kwa mkono, mkono wa pili umeshika simu, na miguu iko karibu na mkanda. Simu inanunuliwa tena. Mkono haununuliwi.

Kuhusu chaji: chumba cha mashine si mahali pake. Mota kubwa inapowashwa umeme unayumba, na chaja za bei rahisi hazivumilii. Soketi iliyojaa pumba ikitoa cheche inaweza kuwasha moto, kwa kuwa vumbi la nafaka linashika moto, tena kwa kasi. Na kuna joto. Watengenezaji wengi wanataka simu itumike kwenye nyuzi joto zisizozidi 35. Chini ya bati letu mchana wa kiangazi, kando ya injini ya dizeli, tunavuka hapo kwa urahisi. Betri inayochajiwa kwenye joto hilo kila siku inachoka mapema, na nyingine inavimba. Ukiona mgongo wa simu umeinuka, acha kuichaji na usiibonyeze wala kuitoboa. Ipeleke kwa fundi.

Kutokana na hayo, kamati inapendekeza jambo moja kwa kila mashine na kila karakana yenye wanachama wetu: sanduku la mbao lenye mfuniko na kufuli, likae nje ya chumba cha mashine, karibu na karani wa mizani. Kila mtu anaweka simu yake humo akianza zamu. Namba ya karani tunawapa watu wa nyumbani, ili mtoto akiugua tuitwe mara moja. Najua wapo watakaosema wanaogopa wizi. Lakini wizi mwingi unatokea sasa, simu zinapoachwa juu ya magunia na wapita njia ni wengi. Na simu ikiibwa, laini inakwenda nayo. Tangu 20 Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, kurudisha laini kunataka namba ya NIDA na kidole kinachosomeka. Wabebaji wetu wanaijua adha hiyo. Vidole vilivyolika kwa viroba vinakataliwa na mashine ya alama mara kwa mara. Basi namba muhimu ziandikwe kwenye daftari nyumbani, na namba ya siri isiandikwe popote, hasa si ndani ya kava.

Maseremala wetu wanaweza kuyatengeneza masanduku hayo kwa vipande vya mbao vinavyobaki. Bawaba na kufuli naomba zitoke kwenye mfuko wa chama. Wamiliki wa mashine nao tuwaendee kwa heshima, wajumbe wawili wawili, tuwaombe sehemu ya kuchajia ofisini au barazani.

Tukiwa hapo, tuwaambie na lililo kubwa zaidi. Vumbi linaloziba tundu la chaji ndilo tunalolivuta kwa pua. Mama zetu wanaopepeta wanakohoa msimu wote, na tumezoea kulitazama jambo hilo kama sehemu ya kazi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi dhidi ya madhara ya namna hii. Saikloni ya kuvuta vumbi, madirisha yaliyo wazi na barakoa ni madai halali, na chama kiyasimamie bila woga. Ingekuwa aibu kwetu kuifunga simu ndani ya pochi na kumwacha mwenye simu kifua wazi.

Basi ndugu wanachama, jadilianeni haya mnapopumzika, na kila kituo kilete kwenye mkutano ujao jina la mtu atakayeshika ufunguo wa sanduku. Wasioweza kusoma, wasomeeni. Na kuanzia leo, kabla ya sanduku lolote kutengenezwa, anayeingia chumba cha mashine aiache simu yake nje.

Wenu katika ushirika,
Katibu
Lumemo, Ifakara