Mfalme Aliyeagizwa Kusoma

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 17, mna amri ambayo wahubiri wengi huipita haraka, kwa kuwa yawahusu wafalme. Mfalme wa Israeli, akiisha kuketi katika kiti chake, alitakiwa ajiandikie nakala ya torati, akae nayo, aisome siku zote za maisha yake. Sababu imetajwa papo hapo: moyo wake usije ukainuka juu ya ndugu zake. Hakuagizwa asome ili awe msemaji hodari, wala apate hoja za kuwashinda wabishi. Alisomeshwa ili ashuke.

Basi ikiwa mwenye enzi alihitaji dawa hiyo kila siku, sisi wenye uenyekiti wa kamati na uzee wa kanisa tutaponaje kwa dozi ya Jumapili peke yake? Kiburi hakingoji Jumapili. Kabla jua halijapanda tumekwisha kuamkiwa kwa heshima, tumetoa amri nyumbani, na moyo umeanza kukwea.

Lakini wako wasomao kila asubuhi, na majivuno yao hayapungui hata chembe. Nionavyo mimi, ni kwa sababu tunajichagulia. Tunakimbilia ahadi za baraka na zaburi za faraja, panapotuuma twaruka. Anayejipangia la kuambiwa na Mungu amekwisha kujifanya mkubwa wa Mungu.

Wamoraviani wa Herrnhut, Ujerumani, waliliona hilo mapema. Mwaka 1728 Nikolaus von Zinzendorf alianza kuwapa washarika neno moja la kwenda nalo kutwa, na tangu 1731 maneno hayo hutolewa katika kitabu cha mwaka mzima, hata leo. Mstari wa Agano la Kale hupatikana kwa kura, bila mtu kuuteua. Wakatoliki nao wana masomo ya misa yaliyopangwa kwa kila siku. Asiyependa njia hizi na asome kitabu kizima, sura baada ya sura, bila kuruka hata palipo pachungu. La msingi ni kwamba Neno litujie lenyewe, tusiliite kama mtumishi.

Hata hivyo, neno lisilochaguliwa pia laweza kurushiwa jirani. Nathani alipomsimulia Daudi habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, mfalme aliwaka hasira akatamka kwamba mtu huyo astahili kufa. Tazameni vema: Daudi alikuwa ameielewa hadithi, na dhuluma ile aliiona waziwazi. Kosa lake lilikuwa moja tu, kudhani asemwaye ni mwingine, mpaka nabii alipomwambia kwamba mtu yule ni yeye. Ndivyo tusomavyo wengi wetu. Palipo na Farisayo twamwona mwenyekiti wa kwaya. Palipo na mwana mpotevu twamwona kijana wa jirani. Mahubiri yakichoma, twanong'ona kwamba laiti fulani angekuwapo leo!

Kwa hiyo, msomaji mpenzi, ukiisha kusoma usikimbilie kusali. Jiulize kwanza: mimi natajwa wapi hapa? Kisha tafuta jambo moja la kutenda kabla jua halijatua: deni la kulipa, ndugu uliyemnunia wa kumsalimu, msichana wa kazi uliyemkaripia bure wa kumwomba radhi, naye aisikie kwa masikio yake. Unyenyekevu mbele za Mungu usiomfikia mtu wa jikoni kwako ni wa midomo tu.

Anayetaka pa kuanzia, na afungue Zaburi ya 51. Maneno yaliyo juu yake yaitaja ziara ile ya Nathani, tena yataja kwamba zaburi ni ya mwimbishaji. Toba ya mfalme ilikabidhiwa waimbaji, iimbwe hadharani na raia wake mwenyewe. Isome kesho asubuhi, kwa sauti, watu wa nyumbani mwako wakisikia.