Msaada Unaoishia Mlangoni

Miji mingi ya Marekani inatumia PulsePoint, programu ya simu iliyobuniwa katika kikosi cha zimamoto cha San Ramon Valley, California. Mpokeaji wa simu za dharura akihisi kwamba moyo wa mtu umesimama, simu za watu waliojiandikisha na walio karibu hulia, na ramani ikawaonyesha alipo aliyeanguka na ilipo mashine ya kushtua moyo. Ni ubunifu mzuri, ila umewekewa sharti: kwa mwananchi wa kawaida, simu hulia tu iwapo mtu ameanguka mahali pa hadhara, kama dukani, kanisani au kiwanjani. Akiangukia sebuleni kwake, jirani wanayetenganishwa na ukuta mmoja, ambaye pengine amefundishwa kukandamiza kifua, haambiwi kitu. Atakuja kujua atakaposikia king'ora cha gari la wagonjwa.

Sharti hili ni kosa, na linanikera zaidi ninapoona linavyosifiwa kuwa ni busara. Hata kwetu, likitajwa wazo la kuwa na mfumo wa aina hii, hakosekani mtu wa kusema tuanze na viwanja vya ndege na maduka makubwa, majumbani tutatazama baadaye. Baadaye lini? Kati ya watu kumi ambao mioyo yao husimama nje ya hospitali, takriban saba huwa nyumbani kwao.

Wanaolitetea sharti wana hoja zao. Wanasema faragha ya familia itavunjwa, kwamba mwizi anaweza kujiandikisha, kwamba mtu wa kujitolea ataingia kwenye nyumba yenye mbwa au ugomvi, kisha aburuzwe mahakamani au abaki na jinamizi la maiti. Sawa. Lakini majimbo yote ya Marekani yana sheria, ijapokuwa zinatofautiana, za kumkinga anayemsaidia mtu kwa nia njema. Denmark, ambako watu wa kujitolea hutumwa hadi vyumbani, waliwauliza maelfu yao baada ya kutoka kwenye tukio: walioumia mwili hawakufika hata mmoja katika mia. Jinamizi lipo, na anayelipata anastahili kuhudumiwa. Mwizi ahakikiwe kabla ya kusajiliwa, kama anavyohakikiwa mlinzi au dereva.

Wapo pia wanaokimbilia utafiti. Stockholm walijaribu mwaka 2012 na 2013, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: pale watu wa kujitolea walipoitwa kwa simu, waliokandamizwa kifua kabla ya wahudumu kufika walikuwa asilimia 62, na pale wasipoitwa, asilimia 48. Tofauti ya waliopona haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha jambo, na wapinzani hushikilia hapo, ingawa jaribio lenyewe halikukusanya wagonjwa wa kutosha kulijibu swali hilo. Kisha huongeza jaribio jingine la Sweden, la mwaka 2023, ambalo halikuona faida ya kutosha. Lisomeni vizuri jamani! Katika jaribio lile watu wa kujitolea waliitwa kwenye makundi yote mawili. Kilichopimwa ni kama wengi wao waagizwe kupitia kwanza ilipo mashine au wote waende moja kwa moja kwa mgonjwa.

Hoja inayolimaliza suala hili ni nyingine, na sijasikia mtetezi wa sharti akiijibu. Tazama ni nani anayekuwa karibu moyo unaposimama. Mahali pa hadhara pana watu. Kuna mlinzi, kuna muuguzi aliyetoka zamu, kuna kijana mwenye mikono yenye nguvu, na mara nyingi mashine imetundikwa ukutani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu kasino za Marekani, ambako walinzi walikuwa wamefundishwa na kupewa mashine, asilimia 74 ya walioshtuliwa moyo ndani ya dakika tatu tangu kuanguka walitoka hospitali wakiwa hai. Hakuna simu ya jirani iliyohitajika. Watu walikuwapo tayari.

Sasa ingia nyumbani. Ni saa tisa usiku, mzee ameanguka kati ya kitanda na kabati, na aliye naye ni mkewe wa miaka sabini. Anatakiwa kumlaza sakafuni sawasawa, kushika simu, kumsikiliza mpokeaji anayemwelekeza, kufungua mlango, na wakati huohuo kukandamiza kifua kwenda chini sentimita tano, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Wataalamu wanashauri wakandamizaji wapokezane kila baada ya dakika mbili, kwa sababu hata mtu imara huchoka. Huyu bibi atapokezana na nani? Kila dakika inayopita bila msaada inapunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia saba hadi kumi. Jirani wa ghorofa ya pili angefika ndani ya dakika tatu. Tumeamua asiitwe!

Yaani simu inalia pale ambapo inaongeza kidogo, na imefungwa mdomo pale ambapo ingeongeza zaidi. Hutaniambia kwamba hiyo ni tahadhari. Ni uzembe uliovikwa joho la sheria.

Ni kweli wanaoangukia nyumbani mara nyingi huwa wagonjwa zaidi, na mioyo yao mara nyingi haiko kwenye mdundo unaoweza kurekebishwa kwa kushtuliwa. Lakini mdundo huo hupotea pia kwa sababu dakika zimepita bila mtu kufanya lolote, nasi ndio tunaoziacha zipite.

Waliothubutu hawakujuta. Katika jimbo la Copenhagen, mwaka mmoja baada ya mfumo kuanza Septemba 2017, ilionekana kwamba karibu mara nne katika kumi mtu wa kujitolea alifika kabla ya gari la wagonjwa. Uholanzi wanaingia majumbani. Singapore walikwenda mbali zaidi, wakaweka mashine kwenye maghorofa ya makazi, moja kwa kila majengo mawili, palepale watu wanapongojea lifti.

Na sisi tusijifanye kuingia nyumbani kwa watu usiku ni jambo geni. Tanzania ina mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mjamzito akipata dharura hupigwa simu 115 bila malipo, mratibu akamtafuta dereva wa jamii aliye karibu, gari likaenda kumchukua kijijini na nauli ikalipwa kwa simu. Dereva huyo si mganga. Ni mtu wa mtaani, anabisha hodi kwenye nyumba ya mtu asiyemjua, na familia inamshukuru. Mfumo ambao haukuogopa mlango wa mama mjamzito una sababu gani ya kuuogopa mlango wa mzee aliyeanguka?

Magari ya wagonjwa kwetu ni machache na foleni tunazijua, kwa hiyo jirani tunamhitaji kuliko Wamarekani wanavyomhitaji. Wizara za afya zitakapoletewa mapendekezo ya programu hizi, naziomba ziulize kabla ya bei: inaingia majumbani? Kama haiingii, irudishwe kwa mwenyewe.