Tuulize Risasi Zatoka Wapi

Kila bunduki zinaposalimishwa huko kaskazini mwa Kenya, twashukuru. Hata hivyo, yatupasa tuitafakari risasi pia, na hasa fataki yake: kikombe kidogo cha chuma kilichopachikwa kitakoni mwa ganda. Kikigongwa, kemikali iliyomo hulipuka na kuwasha baruti, nayo baruti huisukuma risasi. Pasipo fataki, bunduki ni rungu tu.

Tangu miaka ya 1860 fataki zimekuwa za namna mbili kuu. Ile ya Boxer, Mwingereza, ina fuawe yake ndani. Ganda lake lina tundu moja, nalo hujazwa upya kwa urahisi. Ile ya Berdan, Mmarekani, hutegemea fuawe ya ganda lenyewe, ambalo kwa kawaida lina matundu mawili. Kulijaza upya ni taabu. Risasi nyingi za kijeshi za AK-47 ni za namna hii ya pili.

Basi, mhunzi wa kijijini aweza kufua gobore, lakini risasi za AK-47 hutoka kiwandani. Zikiisha, sharti mtu alete nyingine. Ni nani huyo, na nani anamlipa? Mkataba wa Biashara ya Silaha wa 2013 unazitaka serikali wanachama zidhibiti hata uuzaji wa risasi nchi za nje.

Nasi tunao wajibu. Kuizunguka fataki, mara nyingi huwa kuna alama za kiwanda na mwaka. Ganda lililobaki baada ya uvamizi ni shahidi: lisiguswe, polisi waitwe. Anayemficha mwenye kuleta risasi ni mshiriki wa damu inayomwagika.